Mikanda Miwili

Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani
9 Juni

Kwa Sauti ya Kwenye Dari la Gari,

Jina lako silijui na nesi amekataa kunitafutia, ndiyo maana kwenye bahasha nimeandika "Mwanamke aliyepokea simu ya kisanduku cha gari kutoka Podlaz, asubuhi ya tarehe mbili." Kama barua hii imefunguliwa na mwanamume, aikunje airudishe ndani, hayamhusu.

Mimi ni Tilen Rejc, miaka ishirini, dereva. Yule wa korongoni. Najua unapokea wengi, lakini mimi huwezi kunisahau, maana nilikuja na nyuki karibu laki sita.

Naandika kushukuru. Mjomba wangu Ciril anasema jirani unamshukuru kwa mdomo, lakini mtu usiyemjua unamwandikia. Tena simu yangu imesagika, na nikiazima ya mtu nipige 112 kusema ahsante, mtanitumia polisi. Shule ya ufundi niliiacha mwaka wa pili (wao wanasema walinifukuza, tofauti ni ndogo), kwa hiyo ukikuta herufi zimelala chali, sema ni kwa ajili ya plasta mkononi. Plasta iko mkono wa kushoto, lakini wewe huoni.

Sasa nikueleze, kwa kuwa wewe ulisikia tu, na jambo lenyewe lilikuwa la kutazamwa. Kila Juni tunapandisha mizinga ya Mjomba juu kwenye misonobari, ambako asali hutoka nyeusi kama kahawa. Tunaondoka alfajiri, nyuki wakiwa bado wamejikunyata kwa baridi na vilango vyao vimezibwa. Mjomba hutangulia, mimi nafuata na mzigo. Bonde zima hakuna anayeipanda barabara ile kama mimi. Wengine huipanda kama ngazi za kanisa. Basi kona ya tatu, kulungu! Dume, pembe hivi. Mwingine angemgonga. Mimi nilimkwepa kwa ustadi, kulungu akapona, korongo likanipokea mimi.

Puto la usukani likanipiga ngumi ya uso. Halafu kimya. Halafu nyuki. Halafu wewe.

"Hapa ni mia moja na kumi na mbili. Gari lako limetuita. Unanisikia?"

"Mimi sijaita mtu."

"Najua. Gari ndilo limeita."

"Basi zungumza na gari."

Hayo nayakumbuka vizuri, na mzee wa kitanda cha pili nimemsimulia mara sita, anacheka hadi nyonga yake mpya inalia. Nakumbuka pia uliniambia nisiwapige, nifumbe mdomo, nipumue kwa pua. Nikakujibu kwamba mpwa wa Ciril Kenda hafundishwi nyuki na mtu wa ofisini. Nilipofungua mdomo kusema hivyo, mmoja akaniuma ulimi.

Wanasema ulikaa nami dakika arobaini na moja. Sizikumbuki zote. Ila sikulia. Kama kwenye rekodi yenu kuna mtu analia, huyo ni kulungu.

Mguu una vyuma vinne, zimevunjika mbavu tatu na mkono mmoja, na uso sasa umerudi kuwa uso. Daktari anasema ningekaa pale saa moja zaidi, ungekuwa unasoma tangazo la msiba. Kwa hiyo ahsante. Nalisema bila utani, na si kawaida yangu.

Agosti zimamoto wa kijijini wana sherehe yao na dansi. Sauti yako ni ya mtu anayejua kucheza. Njoo, nitacheza na magongo.

Wako aliyeokolewa,
Tilen Rejc


16 Juni

Tilen,

Barua yako ilipita meza saba kabla ya kunifikia, na kila meza ilicheka. Ilichelewa kwa sababu siku hizi meza yangu siyo ile. Nitalieleza hilo.

Naitwa Nevenka Bratuž. Nina miaka hamsini na minane, mjukuu mmoja na magoti mawili mabovu. Mwaliko wa dansi nimeupokea kwa heshima na kuuweka kabatini.

Kijana, hujui umenipa nini. Nimekaa kwenye simu zile miaka kumi na tisa. Mtu anaingia sikioni mwako akiwa katika saa yake mbaya kuliko zote, unamshika kwa sauti tu, kisha zimamoto wanafika, mtu anasema "tumempata", na laini inakatika. Mwisho hatuujui. Walioniandikia katika miaka yote hiyo ni watatu, na wewe ni wa tatu. Nimeisoma mara nne. Nimefurahi kwamba una mguu, hata wenye vyuma. Nimefurahi kwamba una mdomo, ingawa huo sikuwahi kuuonea wasiwasi.

Sasa nina swali, na naomba ulijibu vizuri.

Gari linapoanguka, kisanduku hakipigi simu tu. Kinatuandikia pia: gari liko wapi, limeelekea wapi, na mikanda mingapi imefungwa. Chako kiliandika mikanda miwili. Nikakuuliza, "Mko wawili?" Ukasema, "Wawili." Ukasema tena, kwa sauti ambayo bado ninayo sikioni: "Mtoeni yeye kwanza. Mimi naweza kungoja."

Zimamoto walikukuta peke yako. Kando yako mkanda ulikuwa umefungwa, kiti kitupu, mlango umefunguka. Mtu mzima hawezi kuchomoka kwenye mkanda uliofungwa. Mtoto anaweza. Nikawaambia watafute. Walitafuta kwa saa tatu, watu thelathini, kwenye mteremko ule. Mmoja wao, Lojze, aliteleza akavunjika mtulinga.

Wewe ukawaambia polisi hapo hospitalini kwamba ulikuwa peke yako na kiti kilikuwa kitupu. Basi wakubwa wangu wanasema watu wengi hufunga mkanda kwenye kiti kitupu, na kwamba neno "wawili" nilikutia mdomoni mimi, wewe ukiwa huna fahamu. Wameniondoa kwenye simu. Napanga mafaili. Tarehe kumi Julai kamati itakaa kuamua kama nirudi au nikae na mafaili hadi nistaafu.

Ila si hilo tu linaloninyima raha. Nauliza kwa sababu nataka kujua: nani alikuwa kando yako?

Nevenka Bratuž


21 Juni

Bi Nevenka mpendwa (nimekupandisha cheo, kwa ajili ya mjukuu),

Mafaili! Wamekupa mafaili! Wangekuwa jirani ningewaendea na magongo yote mawili.

Jibu langu ni rahisi: kisanduku kimekosea. Ni mashine. Gari la Mjomba lina mwaka mmoja tu na tayari kioo cha kushoto hakiteremki. Mashine isiyojua kuteremsha kioo itajua kuhesabu watu? Waambie kamati hivyo, waambie ni mimi nimesema, nimesoma ufundi mwaka mmoja na nusu. Na hayo ya "mtoeni yeye" nadhani nilimsema kulungu. Alikuwa mkubwa sana, Bi Nevenka. Nimekumbuka vizuri, pembe zake zilikuwa na matawi kumi na mbili.

Nimesharudi nyumbani. Nalala chumba cha chini kwa Mjomba, ngazi siziwezi. Huku napokewa kama askofu. Mizinga yote kumi na minne niliyopakia imekwisha, na unajua bonde limefanya nini? Kila nyumba yenye nyuki imemletea Mjomba mzinga mmoja. Hadi leo tuna tisa, imepangwa mbele ya dirisha langu, kila mmoja na rangi yake. Hakuna aliyeombwa. Wanakuja, wanauweka chini, wananigonga mgongoni penye mbavu na kusema, "Ulimkwepa, Tilen. Mwingine angemgonga." Mama mmoja ameniokea mkate wa kokwa za jozi, nimeumaliza wote kitandani.

Na Mjomba, ambaye tangu nizaliwe hajanisifu kitu zaidi ya hamu ya kula, jana alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Nilidhani wewe ni wa kelele tu. Kumbe una roho. Kibanda cha nyuki, nikishindwa kukitunza, nitakuachia wewe." Kisha akaenda nje kupiga chafya, lakini hana mafua.

Basi unaona, Bi Nevenka. Mambo yamekaa vizuri. Yako pia yatakaa. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini hawawezi kumwacha kwenye mafaili, watakuwa wajinga.

Anayekushukuru kila akijigeuza kitandani,
Tilen


26 Juni

Tilen,

Nimefurahi kwamba uko nyumbani. Mjomba wako anaonekana mtu wa maneno machache, kwa hiyo hayo aliyokwambia yana uzito.

Sitabishana nawe juu ya kisanduku. Mafundi wamekifungua. Hakikukosea. Kilisema mikanda miwili kwa sababu mikanda miwili ilikuwa imefungwa, basi.

Nitakwambia jambo ambalo sikuliandika mara ya kwanza. Polisi walitangaza kwamba hakuna mtoto aliyepotea bonde zima, wala mgeni aliyekosekana kwenye nyumba za kulala. Hesabu imefungwa. Nami najua kwa akili kwamba hakuna mtu. Lakini mimi ndiye niliyesikia ile sauti, na haikuwa ya mtu anayemsema kulungu. Wakati mwingine nikiwa napanga mafaili namwona mtoto chini ya misonobari, amekaa kimya kwa sababu aliambiwa asisogee. Mume wangu amechoka kunisikia. Jumapili alinipeleka hadi kwenye ile kona ya tatu. Nimetembea mteremko wenu kwa magoti haya, nimeokota kipande cha ubao wa mzinga wenye rangi ya samawati, nikarudi.

Kamati waniamulie wanavyotaka. Mimi sikudai kazi kwako. Ulikuja sikioni mwangu ukiwa hai, ukatoka ukiwa hai, hudaiwi.

Niambie tu kama kuna mtu kule.

Nevenka


28 Juni

Bi Nevenka,

Hakuna mtu kule. Naapa kwa vyuma vyangu vyote vinne. Usiende tena kwenye mteremko ule, mawe yake yanateleza.

Tilen


3 Julai

Bi Nevenka,

Barua hii haina utani mwingi. Ukiona umepenya, uvumilie, ni kama chafya.

Jana Lojze alikuja. Ni mtu mnene, fundi wa majiko, na alikuja na mkono umening'inia shingoni. Nyuma yake mkewe amebeba mzinga.

"Kaa, kaa, shujaa wa kulungu, usisimame," akasema. Kana kwamba ningeweza.

"Mmeleta nini?"

"Mzinga. Ninao miwili tu, basi huu ni wenu."

"Na mkono huo umeubebaje?"

"Mke wangu kabeba mzinga. Mimi nimebeba maneno."

Tukacheka. Mkewe akaenda nje kuuweka kwenye mstari. Lojze akakaa, akalitazama dari, akasema, "Unajua, Tilen, mtulinga si kitu. Utaunga. Kinachonisumbua ni kwamba nilipoanguka nililala pale nikajiambia, usipige kelele, Lojze, nyamaza, mtoto anaweza kuwa karibu, utamsikia. Nikanyamaza robo saa nzima. Hata sasa nikipita pale nazima gari. Nasikiliza."

Bi Nevenka, wewe unapanga mafaili na kumwona. Yeye anazima gari. Mimi nakula mkate wa jozi.

Nikamwambia, "Lojze, usisimame tena pale."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitini palikuwa na mzinga, si mtoto."

Sasa nakwambia na wewe, kwa mpangilio, kwa sababu umengoja.

Hakukuwa na kulungu. Kulikuwa na mzinga mdogo wa samawati, wa malkia wa kijivu ambaye Mjomba amemlea miaka mitatu, wa kizazi alichokitunza babake. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga mzigo nyuma nilipoukuta bado uko chini, kwenye nyasi. Kuufungua mzigo wote upya, nusu saa. Mjomba ameshatangulia. Sheria yake ya kwanza, kabla hata ya sheria za serikali: nyuki hawakai mbele. Nikauweka mbele. Gari likaanza kulia pii, pii, pii, kwa kuwa lilidhani kuna mtu amekaa bila mkanda. Nikaufunga mkanda linyamaze.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Nyuki wakiwa kwenye baridi hutulia. Mimi nikasikia baridi, nikawasha joto la gari. Ndiyo. Mpwa wa Ciril Kenda. Kilango cha mzinga nilikuwa nimekiziba kwa soksi. Wakapashwa moto, wakaamka, wakatafuta njia, na kwenye kona ya tatu mmoja alikuwa amefika ndani ya kola yangu. Nikampiga kofi. Mkono uliompiga ndio uliokuwa kwenye usukani.

Uliponiuliza kama tuko wawili, sikuwa nimepoteza fahamu. Nilisema wawili kwa sababu tulikuwa wawili. Wewe si mtu wa nyuki, hujui: kwetu kuku anakufa, ng'ombe anakufa, lakini nyuki hufariki, kama mtu. Nilisikia ubao umevunjika, nikamwona malkia akilini mwangu amelala pale wazi kwenye umande, nikasema mtoeni yeye kwanza. Nililimaanisha, Bi Nevenka. Na baada ya hapo nililia, nadhani muda mrefu, na wewe ulikuwa ukisema "niko hapa, Tilen, niko hapa," na kwenye barua yako hukuligusa hata mara moja.

Watu walipofika hospitalini kila mmoja aliuliza, ilikuwaje? Kulungu alikuja mdomoni mwenyewe. Halafu ikawa mizinga, halafu Mjomba na ukingo wa kitanda. Kila siku kulungu alikuwa mzito zaidi kumtoa.

Lojze alicheka hadi akashika mtulinga. Kisha akaacha kucheka. Kisha akasimama.

"Mzinga nauacha," akasema. "Si wako. Ni wa Ciril. Na wewe nenda kamwambie kabla mimi sijafika kwangu, kwa sababu mke wangu yuko hapo chini ya dirisha, amesikia yote."

Nilimkuta Mjomba kwenye kibanda. Nilimwambia nimesimama, kwa magongo, ili asinionee huruma kwa kukaa. Aliweka chini fremu aliyokuwa ameishika. Akatoka. Hajasema neno hadi sasa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kamati. Nimeiandika mara tano, mara ya tano bila kulungu hata kidogo. Nimetia sahihi na namba ya leseni yangu, na nakala nimewapa polisi wetu wa hapa. Wameniambia kutakuwa na faini na pengine leseni itakaa kwao kwa muda. Ikae.

Mtoto hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nisamehe.

Tilen


11 Julai

Tilen,

Kwanza nilikasirika. Nilikuwa jikoni, nikasoma hadi pale penye soksi, nikaitupa barua yako kwenye sinki. Mume wangu akaiokota, akaikausha kwa kitambaa, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye soksi akaketi chini kabisa, sakafuni, akicheka. Nami nikaketi. Siku thelathini na kitu, Tilen. Ilibidi zitoke mahali fulani.

Jana kamati ilikaa. Watu watano na maji ya chupa. Mwenyekiti alisoma barua yako bila kubadilisha sura hadi kwenye maneno "nikaufunga mkanda linyamaze", hapo akaomba dakika moja akatazama nje ya dirisha. Kisha wakapiga rekodi. Safari hii waliisikiliza wakijua. "Wawili." Mama mmoja wa kamati, ambaye babake alifuga nyuki, akasema: "Amemjibu alichoulizwa. Na huyu mpokea simu amefanya ambacho ningetaka anifanyie mtu nikiwa na mtoto garini. Tunajadili nini?"

Kesho nakaa kwenye kiti changu.

Nilikuwa nimekuandikia kwamba hudaiwi. Nilisema kweli, ndiyo maana hiki ulichofanya kina uzito. Hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kubaki na kulungu wako hadi uzeeni, na bonde lote lingemsimulia baada yako. Umeniletea mwisho wa habari, mwisho ulio mzuri kuliko wowote niliowahi kupewa: kwamba hakuna aliyekuwa amelala kule akingoja.

Kuhusu kulia, sikuligusa kwa sababu si lako peke yako. Wanalia karibu wote. Wanaume wakubwa kuliko wewe huwaita mama zao. Kilio chao kinabaki kwetu.

Sasa pumzisha mguu. Na mjomba wako mpe muda, usimjaze maneno. Nakujua.

Kwa shukrani,
Nevenka


Podlaz, 14 Julai

Bi Bratuž,

Mimi si mwandishi. Kijana amenieleza, na anwani nimeichukua kwenye bahasha yako.

Nilikaa siku tisa bila kumsemesha. Nusu ilikuwa hasira, nusu nilikuwa natafuta neno. Nyuki wa mizinga kumi na minne wamefariki, na malkia wa babangu. Bonde lilikuwa limenipa mizinga kumi na mmoja. Niliirudisha yote nyumba kwa nyumba, maana ilitolewa kwa ajili ya habari isiyo ya kweli. Nyumba nane wameileta tena. Wamesema hawakumpa kulungu, walinipa mimi. Nyumba tatu wameshika yao, na wana haki.

Nakutumia chupa mbili za asali. Si za kijana, ni zangu. Asubuhi ile mimi nilikuwa juu kwenye misonobari nikitazama saa na kumlaani kwa kuchelewa. Wewe ulikuwa naye. Hilo silisahau.

Ciril Kenda


22 Julai

Bi Nevenka,

Najua Mjomba amekuandikia, maana naona stempu zangu zimepungua. Hakuniambia ameandika nini. Natumaini hakuongeza chumvi, kwetu hiyo ni kazi yangu.

Leseni wameichukua miezi sita. Kijijini sasa nikipita dukani kuna mtu lazima alie pii, pii, pii. Watoto wa shule wameniwekea soksi kwenye sanduku la barua, tatu, hakuna mbili zinazofanana. Kwa Lojze naenda kila asubuhi kumshikia vigae vya majiko, mkono wake mmoja na mkono wangu mmoja na nusu tunafanya fundi mmoja mbovu. Ananitukana kutwa. Anapita kona ya tatu bila kuzima gari.

Lakini nataka kukueleza Mjomba alivyolimaliza.

Siku ya kumi aligonga mlango wa chumba changu. Nyumba ni yake, hajawahi kugonga.

"Chukua magongo."

Tukaenda hadi kibandani, mbele ya mizinga iliyobaki, ile ya zamani na ile ya watu. Ilikuwa saa nne, jua limeshika, nyuki wanaingia na kutoka na miguu ya njano kwa chavua.

"Waambie," akasema.

"Niwaambie nini?"

"Ulichowaambia kamati. Hawa ndio ndugu za waliofariki. Kamati wamejua, polisi wamejua, mke wa Lojze amejua, na hawa bado."

Nyumbani kwetu mtu akifa, mkubwa wa nyumba huenda kuwaambia nyuki, anagonga kila mzinga mara tatu na kusema jina, la sivyo wanaona wamedharauliwa na wanahama. Nilidhani ni mambo ya matangani. Nikagonga mzinga wa kwanza nikaanza, nikatia na kamzaha kidogo ka soksi. Mjomba akasema, "Anza upya." Nikaanza upya. Kwenye wa tatu nikasema gari "likateleza." Akasema, "Gari?" Nikasema, "Mimi." Mizinga thelathini na minne, Bi Nevenka. Ukisema jambo lako mara thelathini na nne kwa wasiokujibu, linabaki mfupa mtupu. Kuanzia wa kumi sikuwa na mzaha. Kuanzia wa ishirini nilikuwa nasema maneno tisa tu, yote ya kweli.

Nilipomaliza wa mwisho nikadhani tumemaliza. Mjomba hakuondoka.

"Na yule mama?"

"Yupi?"

"Hawamjui. Waambie."

Nikarudi hadi mzinga wa kwanza. Nikagonga. Nikasema: kuna mwanamke anaitwa Nevenka Bratuž, anakaa mbali, hana nyuki. Nilipokuwa chini alibaki nami. Waliponitoa alitafuta na yule wa pili, kwa kuwa hakutaka kumwacha hata mtu ambaye hayupo. Nikaenda wa pili nikasema hivyo hivyo. Wote thelathini na minne. Mjomba alikuwa nyuma yangu ameshika kofia mkononi.

"Sasa wanamjua," akasema tulipofika mwisho. "Akifa, tutawaambia."

Naona hapa kwenye karatasi imekaa vibaya, kumtakia mtu hivyo. Lakini huku kwetu nyuki wanaambiwa habari za watu wa nyumba tu.

Tilen